Kaburi la Kando ya Barabara Mpya

Nililelewa katika nyumba ambayo karatasi ya serikali ilisomwa mara tatu, na kila mara ikaonekana mbaya kuliko mara iliyotangulia. Baba alikuwa na nyumba ya matofali mabichi katikati ya mji wa Iringa, kwenye mtaa ambao leo umejaa maduka ya simu na vifaa vya ujenzi. Siku moja akaja mtu mwenye koti zuri, akainunua kwa bei ambayo sisi tuliiona ni baraka, tukahamia Igowole kulima. Wiki chache baadaye likatoka tangazo kwamba nyumba zote za mtaa ule zijengwe upya kwa saruji na ziwe za ghorofa, na asiye na uwezo atafute mbia. Kiwanja cha baba kikawa dhahabu mikononi mwa mtu mwingine. Baba aliuliza swali moja hadi anaingia kaburini: yule mtu alijuaje?

Labda hakujua. Labda alikuwa na bahati tu. Lakini swali lile nililirithi, na nimeliuliza kila mahali maishani mwangu, hata pale ambapo halikuhitajika. Ninaandika haya kwa sababu ya mara ya mwisho nilipoliuliza.

Mbeya nilikuja kijana, na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, na mke ambaye tulikuwa tumeshazika naye mtoto mmoja kule Igowole. Alikuwa wa kike, aliishi siku tisa. Nikapata kazi ya ukarani wa ghala. Kiwanja nilinunua mlimani, wakati huo kukiwa bado ni mashamba ya mahindi na njegere. Hakuna aliyenipimia. Muuzaji alitembea kwa hatua zake, akanionyesha mgomba, jiwe na mfereji wa maji ya mvua, tukaandikishiana mbele ya mashahidi, basi. Waliokuja baada yangu walifanya vivyo hivyo. Nyumba zikaelekea kila mmoja alikopenda: huyu kwenye jua la asubuhi, yule mgongo kwenye upepo wa Julai, mwingine mlango kwa mlango na nduguye. Katikati tuliacha vichochoro vya kupita mtu na ndoo kichwani. Mgonjwa tulimbeba kwa machela mpaka lami. Maiti pia.

Jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro alikuja miaka kumi baada yangu. Alikuwa seremala, Mngoni wa Songea. Mimi ni Mhehe, kwa hiyo kabla hatujajuana majina tulikwisha kuwa watani. Mababu zetu walipigana vita, na walipochoka walibakiza matusi tu. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako. Ukifiwa, ndiye anayekuja kuwachekesha watu msibani, akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa. Sisi husingiziwa kula mbwa, wao panya.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chumba cha mabati na mabanzi, na kila asubuhi kabla hajashika randa alipaza sauti.

"Mhehe! Mbwa wangu yuko huko?"

"Yuko."

"Mzima?"

"Mzima. Nyama mwaka huu ni nyingi, nimemsamehe. Ila wewe panya wangu wa darini wamekwisha. Nirudishie hata wawili wa mbegu."

"Nenda kamuulize babu yako aliyekimbia vita akaacha na viatu."

"Babu yangu hakuwa na viatu. Alikuwa na mkuki, na babu yako anaujua."

Zaidi ya miaka ishirini hivyo. Sikuwa na rafiki mwingine, na sikuwahi kumwita rafiki.

Kisha ukaja mpango wa kurasimisha makazi ya mlimani. Tuliitwa kwenye mkutano katika uwanja wa shule. Afisa alieleza vizuri, kwa utulivu, akiwa na ramani iliyobandikwa ubaoni. Kila kiwanja kitapimwa, kila nyumba itapata namba, na kila mwenye kiwanja atapata hati. Vichochoro vitakuwa barabara. Barabara haina fidia kwa kuwa ni yetu wenyewe. Kila mmoja atachangia ardhi, mita tatu upande huu na mita tatu upande ule, sawa kwa sawa. Baada ya hapo hakuna atakayejenga bila kibali, na nyumba zitakazotazama barabara zitaacha nafasi mbele.

Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama ni nani aliyeanza kupiga.

Juu yetu kabisa kulikuwa na kiwanja kikubwa kilichozungushiwa ukuta, na mwenyewe hatukuwa tumemwona hata siku moja. Nikanyoosha mkono.

"Hiyo barabara inaishia wapi?"

"Inaishia pale juu, mzee."

"Pale juu kwa nani?"

Afisa akatabasamu. "Barabara haiendi kwa mtu, mzee. Inaenda mtaani."

Kabla sijajibu, mtani wangu akasimama. "Mheshimiwa, msameheni. Huyu Mhehe anaogopa barabara kwa sababu gari la polisi litafika mpaka jikoni kwake kuuliza habari za mbwa."

Uwanja mzima ulicheka, hata mke wangu. Dakika chache baadaye wakachagua kamati ya mtaa ya kuwasaidia wapimaji, na mtani akawa wa kwanza kutajwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na mambo mawili moyoni: barabara ni ya yule mwenye ukuta, na mtani wangu amesimama haraka mno.

Mpimaji alikuwa msichana mpole mwenye buti za mvua. Alikuja na mashine ya miguu mitatu, akapigilia vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu. Kwangu mstari ulichukua uzio, miparachichi miwili na ukuta mmoja wa jiko la nje. Kwa mtani ulichukua mahali alipopanga mbao zake. Nilitoka na kamba yangu nikapima. Mita tatu na mita tatu. Nikapima tena. Mara ya tatu kamba ilitoa jibu lile lile, nikaamua kwamba kamba imevutika.

Siku ile ile nilimwona mpimaji amekaa kwenye benchi la karakana akinywa chai kwenye kikombe cha mtani. Mvua ilikuwa inanyesha na pale ndipo palipokuwa na bati la karibu. Leo ninaona mvua. Siku ile niliona kikombe.

Kwa kinyozi nikamsikia mtu akisimulia kwamba mtaa mwingine barabara ilikunja kona kwa sababu ya kaburi. Kuhamisha kaburi kuna matangazo, kuna kutafuta ndugu, kuna mtu wa afya, kuna vibali, na wapimaji wenye haraka huona heri wapinde mstari. Aliyesimulia alikuwa analalamika. Mimi nilikuwa najifunza.

Huku kwetu kuzika nyumbani, kando ya migomba, si jambo la ajabu, na zamani pale mlimani palikuwa shamba kama mashamba mengine. Jumapili iliyofuata nilimwambia mke wangu kwamba goti linauma, akaenda ibadani peke yake. Mtaa ulikuwa kimya, wote wako makanisani. Nilichukua matofali ya zamani yaliyobaki nyuma ya jiko, yenye kuvu ya kijani, nikayapanga kwenye mstari wa vigingi, kati ya miparachichi na jiko, kwa urefu wa mkono na nusu. Nikamimina saruji kidogo, nikaipaka udongo na samadi isionekane mpya. Kichwani nikasimamisha msalaba mfupi wa vipande viwili vya nondo. Nikahamishia pale maua kutoka mbele ya nyumba. Kazi yote haikuchukua hata saa mbili nzima. Nilinawa mikono, nikakaa barazani nikiwasubiri watu wa kanisani warudi.

Mke wangu aliliona alipokwenda jikoni kuchukua sufuria.

"Nini hiki?"

"Cha kuzuia barabara."

Akatazama urefu wake. Hakuuliza tena, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amekubali.

Mpimaji aliporudi kuhakiki vigingi, alisimama pale muda mrefu. Akalipiga picha kwa simu.

"Mzee, hili siku ile sikuliona."

"Lilikuwa limefunikwa na majani ya maboga."

"La nani?"

"Mtoto wetu wa kwanza."

Akanitazama usoni, na ninaamini alijua. Lakini alikuwa msichana mbele ya mzee mwenye mvi anayesema habari za mtoto aliyekufa. Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa mlangoni na unga mikononi. "Mama, ni kweli?"

"Mtoto wetu alikufa," mke wangu alisema. "Ndiyo. Alikufa." Akaingia ndani.

Utaratibu ulitaka mjumbe wa kamati naye athibitishe. Wakamwita mtani. Alivuka kichochoro akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mpimaji akamweleza kwamba kama ni kaburi kweli, mstari utasogea wote upande wake, na utachukua karakana na chumba cha mwisho.

Mtani alitazama matofali, akanitazama mimi. Nilikuwa nasubiri abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi ungenithibitishia kwamba barabara ni yake na wenzake.

"Mimi nilikuja hapa nikamkuta huyu Mhehe," alisema. "Kama mwenyewe anasema kuna mtoto wake, basi kuna mtoto wake. Pitisheni kwangu. Mabanzi yanahama, mtoto hahami."

Akachukua kalamu ya mpimaji akasaini.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima, alirudi peke yake bila vumbi, amevaa shati la kutokea. Alibeba kipande cha kitambaa cheupe na bakuli la unga wa mahindi, vitu vya mtani msibani. Akasimama mbele ya kaburi langu la uongo.

"Wewe Mhehe mdogo," akaliambia. "Miaka yote hii tunapita hapa na baba yako hajanitambulisha. Baba yako mchoyo. Sasa mimi mtani wako sikukuzika, sikudai changu. Leo nadai."

Akajilaza. Mzee wa zaidi ya miaka sitini alijinyoosha juu ya matofali yale, mikono kifuani, macho amefumba.

"Sitoki! Leteni kuku! Mhehe gani anazikwa bure?"

Majirani walichungulia wakaanza kucheka, kicheko kile cha msibani. Mmoja akaleta mayai, mwingine shilingi. Mimi nilitakiwa kuja na kuku huku namtukana, ndivyo inavyofanywa. Nilisimama kama mti. Mke wangu alitoka, akaona, akaketi chini pale pale alipokuwa, akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Igowole. Watu walidhani ni kilio kilichochelewa. Wanawake wakamshika.

Usiku alipokuwa akitandika kitanda aliniambia maneno machache. "Umemchimbua mwanangu kule alikolala, umemleta hapa kulinda parachichi." Toka siku hiyo anazunguka nyumba nzima kwenda jikoni asipite pale.

Nilipata nafasi moja ya kurekebisha, na lazima niiseme. Ramani ilibandikwa kwenye ofisi ya mtaa kwa siku kadhaa, na pembeni yake daftari la pingamizi lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilikwenda. Nikaona barabara inavyopanda imenyooka kama kamba, halafu inafika kwangu na kutoa tumbo upande wa mtani, kisha inanyooka tena. Kila aliyepita aliliona tumbo lile. Nilishika kalamu. Nikafikiri: nikiandika kwamba kaburi ni la uongo, mtaa mzima utajua mimi ni mtu gani. Nikafikiri pia, na hili ndilo linalonitia aibu zaidi, kwamba labda mtani amesaini haraka kwa sababu ameahidiwa kiwanja kingine kizuri. Nani anatoa chumba chake bure? Nikaiacha kalamu ining'inie.

Hakuwa ameahidiwa kitu. Karakana aliibomoa mwenyewe, msumari kwa msumari, ili mbao zisipotee. Chumba cha mwisho kilibomolewa na mafundi aliowaita. Kisha ikaja greda, kikaja kifusi cha moramu, ikaja mitaro ya mawe. Alipokwenda kuomba kibali cha kujenga karakana mpya aliambiwa kwa adabu kwamba kiwanja kilichobaki ni kidogo. Akiacha nafasi ya mbele inayotakiwa na nafasi ya pembeni, hapabaki mahali pa kuweka hata benchi la kazi. Hakuna aliyemwonea. Kanuni ilikuwa ile ile kwa wote. Ni mimi niliyempunguza mpaka akawa chini ya kanuni.

Aliuza kilichobaki, akaenda Nyololo, kwa mpwa wake mwenye eneo kando ya barabara kuu. Siku ya kuondoka alipitisha kichwa juu ya uzio wangu.

"Mhehe, nakuachia mbwa. Najua hatafika Krismasi."

Nilitakiwa kumjibu. Nikasema, "Safari njema."

Mtaa wetu leo mtu wa zamani hautambui. Nyumba zimegeuka. Zilizotazama jua zimetobolewa mlango upande wa pili, na mbele zimeota fremu za maduka, zote za upana mmoja, milango ya chuma rangi ya bluu. Wanaojenga upya wanaficha paa nyuma ya ukuta kwa sababu ndiyo michoro inayopatikana na inayopita upesi. Tuna namba milangoni. Mwaka jana mke wa jirani alishikwa uchungu na gari lilifika mpaka kizingitini, nikakumbuka machela. Na pale juu, ndani ya ule ukuta, pamejengwa nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, magari yake yanapita mbele yangu mchana kutwa. Kwa hiyo nilibahatisha kuhusu mtu mmoja ambaye simjui, nikamkosea yule niliyemjua. Na barabara ingefika kwa mwenye ukuta tu, hata kama mimi nisingezaliwa.

Mwaka huu niliandika ombi la kukigawa kiwanja changu. Upande wa barabara, pale penye miparachichi, panatosha karakana na nafasi zake zote. Nilimwita mpimaji binafsi akanihakikishia. Nilitaka kumkabidhi mtani. Fomu ilihitaji saini yake. Nikapanda basi la Iringa, nikashuka Nyololo.

Karakana yake iko kando ya lami, malori yanapita na vumbi la mbao linainuka kila mara. Aliponiona aliacha randa akacheka. "Mhehe! Umemaliza mbwa wa Mbeya umekuja kuhesabu wa huku?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Nilimwambia lile kaburi halina mtu. Nilimwambia Jumapili, matofali, samadi. Nilimwambia mtoto yuko Igowole, si mbali na pale tulipokuwa, na kwamba mke wangu hakudanganya hata neno moja, ila mimi tu.

Lori lilipita. Akangoja mpaka sauti yake iishe.

"Nililala juu ya matofali," alisema.

"Ndiyo."

"Watu wakacheka. Mama akalia."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilidhani wewe na wale wapimaji mna jambo."

"Jambo gani?"

Nikamtolea karatasi. Nikamweleza kwamba ni sehemu ya kiwanja changu, ni yake, ajenge, arudi, hakuna ninachotaka kutoka kwake ila saini.

Aliifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akasoma. Akafika mwisho akarudi juu. Akaigeuza nyuma, hapakuwa na kitu. Huyu ni mtu aliyesaini kwa kalamu ya mpimaji bila hata kusoma.

"Hapa chini pameachwa nafasi ya nini?"

"Ya mhuri."

"Mhuri wa nani?"

"Wa ofisi ya ardhi."

"Na huyu shahidi, unamjua?"

"Ni mwenyekiti wa mtaa. Unamjua pia."

"Zamani nilikuwa namjua kila mtu." Akasoma mara ya tatu. "Nani mwingine anajua umekuja na hii?"

"Mke wangu."

"Yeye anasemaje?"

"Amesema nije."

Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Akaniagizia chai kwa mama wa jirani, akanivutia kiti, akakaa mbali kidogo. Aliniuliza habari za mvua, habari za mazao, habari za goti. Aliniita mzee wangu. Nilimtukana kidogo nijaribu, nikamuuliza panya wa Nyololo wana ladha gani. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni wa kanisani.

"Nitamwachia binti yangu aisome," alisema nilipoinuka. "Yeye ni mwalimu, anaelewa mambo ya fomu. Akiona haina kitu ndani yake, tutakujulisha."

Ni miezi mitano sasa. Kaburi nimelivunja mchana kweupe na waliouliza nimewaambia ukweli. Miparachichi nimeikata kupisha msingi. Kila wiki anakuja mtu kuniomba pale ajenge fremu, nami namwambia pana mwenyewe, anaisoma karatasi.